Kile Kitundu cha Juu Unachodunga na Biro

Usinidanganye, hata wewe umefanya hii kitu. Chaja iko na miguu miwili ya mviringo, soketi iko na matundu matatu, basi unachukua biro, unadunga tundu la juu, chaja inaingia, maisha yanaendelea. Mimi nimefanya tangu shule ya msingi na hakuna mtu aliwahi kuniambia kile nafungua.

Ni mlango, buda. Ndani ya matundu mawili ya chini kuna vifuniko. Mguu wa juu wa plagi ni mrefu kuliko hiyo mingine, kwa hivyo unaingia kwanza na kuvisukuma. Mtoto akiingiza msumari huko chini, anagonga plastiki tu.

Kuna watu walikaa chini wakafikiria hiyo kitu, tena wakati wa vita. Uingereza ya miaka ya 1940 ilikuwa imepigwa mabomu, nyumba nyingi zinangoja kujengwa upya, na plagi zilikuwa vurugu: za mviringo, kila saizi na soketi yake. Kamati ikaundwa. Mwanamke pekee ndani yake alikuwa Caroline Haslett, mtu wa uhandisi aliyefanya kazi miaka mingi na wanawake kuhusu stima ya nyumbani. Ripoti ikatoka 1944, na 1947 kiwango kikachapishwa: BS 1363. Wakoloni wakatuletea, KEBS ikaanzishwa 1974, na mpaka leo plagi ni ile ile.

Lakini sehemu yangu favorite ni fyuzi. Shaba ilikuwa adimu, so waliamua waya moja izunguke nyumba na kurudi, ikilindwa na fyuzi kubwa ya ampea 30. Shida ni kwamba kawaya kembamba ka taa kanaweza kushika moto kabla hiyo fyuzi kubwa ishtuke. Dawa yao: kila plagi ibebe fyuzi yake ndogo. 3 kwa taa, 13 kwa hita. Waya ikizidiwa, fyuzi inakufa kwanza.

Sasa twende kwa keja yetu. Mwaka wa pili kampasi, kabla niache (karo, hiyo ni stori ya siku ingine), nilinunua ekstensheni ya soo mbili kando ya barabara. Ya dukani ilikuwa mia nane, nikasema huo ni wizi. Tukaweka koili ya maji na pasi pamoja. Asubuhi moja waya ikawaka ikiwa imepita chini ya godoro. Rumeti wangu aliivuta na mkono, plastiki iliyoyeyuka ikamshika kiganja. Mpaka leo hawezi kukunja vidole viwili vizuri.

Fundi alifungua ile plagi. Mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya kimekunjwa. Hiyo ilikuwa kama kumfunga mlinzi kamba kisha kulala mlango wazi, na mimi ndiye nililipa.

Sikuhizi nikinunua kitu ya stima, nafungua kale kafuniko kati ya miguu nicheki fyuzi kabla nitoe pesa. Juzi pale Luthuli muuzaji aliniangalia, akaniuliza kama nimetumwa na KEBS. Nikamwambia hapana, nimetumwa na rumeti.