Kidole Ndani ya Moyo

Msomaji, tega sikio kifuani mwa mwenzako. Lile dundo utakalolisikia mara mbili mbili ni sauti ya milango ikifungwa. Milango hiyo, iitwayo vali, ni minne, na kazi yake ni kuiacha damu ipite mbele isirudi nyuma.

Katika Migori na Homa Bay, kama kwingineko Afrika ya Mashariki, vijana wengi wenye vali mbovu hawakuzaliwa nazo. Uovu huanzia kooni. Mtoto huumwa koo, hapati dawa, kisha hushikwa na homa ya baridi yabisi. Viungo vyake huvimba na kupona, lakini vali hubaki na makovu. Miaka ikipita, mlango wa upande wa kushoto hushikamana, damu hujaa mapafuni, na kijana aliyekuwa hodari wa mbio hutweta akipanda kilima kidogo.

Zamani ni wachache waliothubutu kuugusa moyo. Katika mwaka 1925, wakati Migori na Homa Bay zilipokuwa ndani ya wilaya ya South Kavirondo, mpasuaji Henry Souttar wa London alitia kidole cha shahada ndani ya moyo wa msichana, nao ukiendelea kupiga, akaipapasa vali na kuifungua. Msichana alipona. Je, wadhani Souttar alisifiwa? Matabibu wenziwe waliamini kuwa kosa lilikuwa katika nyama ya moyo, wala si mlangoni, na hakuletewa mgonjwa wa pili. Miaka zaidi ya 20 ikapotea bure! Ndipo katika mwaka 1948 Charles Bailey na Dwight Harken huko Marekani, na Russell Brock huko London, walipoirudia kazi ile.

Hata hivyo walifanya kazi kama vipofu, kwa kupapasa. Katika mwaka 1953 John Gibbon alifaulu kumpasua mgonjwa huku mashine ikishika kazi ya moyo na mapafu, na mwaka 1960 daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards waliweka vali mpya: tufe dogo ndani ya kizimba cha chuma.

Leo mtu wa Migori halazimiki kuvuka bahari. Upasuaji huu hufanywa Nairobi, na pia katika hospitali ya Tenwek karibu na Bomet, ambako hufika kwa njia ya Kisii.

Lakini vali ya chuma ina kodi yake. Damu hupenda kugandia juu yake, basi mgonjwa hunywa dawa iitwayo warfarini maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Dawa ikipungua, damu huganda. Ikizidi, hutoka isikome. Tena yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Fikiri juu ya msichana wa kisiwa cha Mfangano, ambaye kila kipimo humpandisha chomboni! Vali ya nguruwe au ng'ombe haimfungi hivyo, ila kwa kijana huchakaa upesi. Ndiyo sababu mpasuaji, akiweza, huitengeneza vali ya mgonjwa mwenyewe; na hata hapo sindano ya penisilini huendelea kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi, kwa kuwa koo likiumwa tena, homa yaweza kurudi na kuula mlango uliokwisha kushonwa.