Nani Amfundishe Mtumishi wa Chama?

Siku hizi liko somo ambalo sisi wa zamani hatukulijua kwa jina. Vipo vyuo vikuu vinavyotoa shahada kwa ajili ya kuongoza mashirika yasiyo ya kiserikali, kutafuta wafadhili na kutunza fedha za msaada. Chuo Kikuu cha Indiana, huko Marekani, kilianzisha kituo cha kuchunguza mambo hayo mwaka 1987, na baada ya robo karne kituo kikapandishwa hadhi kikawa shule kamili yenye maprofesa wake. Sina ugomvi na elimu hiyo. Mtu anayeshika fedha ya yatima na afundishwe, tena afundishwe sana. Lakini nimekuwa mwalimu tangu ujana, nikaongoza shule, nikamalizia utumishi wangu katika chuo cha ualimu, na mazoea ya kazi hiyo hunifanya niulize swali moja kila nisikiapo habari ya mafunzo: anayefundisha anawajibika kwa nani? Kwa swali hilo nataka kuitazama historia ya wilaya zetu, Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa.

Kwetu ziwani mafunzo ya watumishi wa jamii yalikuja na misheni. Meli ya Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901 na wamisionari wa UMCA, ilikusudiwa iwe pia shule na zahanati inayoelea. Huko milimani Wabenediktini walikwisha kufika Kigonsera tangu mwaka 1899. Mwalimu wa kijiji na mganga msaidizi wa enzi hizo walijifunza kwa kumfuata aliyewatangulia, na walilipwa kidogo mno. Walijua vyema wanawajibika kwa nani: kwa padri. Halafu ukaja ushirika. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936, na humo makarani wetu wa kwanza walijifunza mizani, stakabadhi na daftari la wanachama. Hayo nayapita haraka, maana kisa ninachokitaka kiko mbele.

Mwishoni mwa mwaka 1960 vijana wachache wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuanzisha makazi ya pamoja mahali paitwapo Litowa. Enzi hizo Mbinga ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Songea, kwa hiyo nasema habari ya nyumbani. Jaribio la kwanza lilikwama kwa kukosa chakula. Wakaanza tena mwaka 1961, safari hii wakashika. Baadaye akaja kukaa nao Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa ametoka kuishi katika shamba la ushirikiano la St Faith's huko Rhodesia, akawa mshauri wao. Vijiji vingine vikaomba kujiunga, ukapatikana Umoja wa Maendeleo Ruvuma, ambao wasomi wanaujua kwa herufi tatu za RDA. Mpaka mwisho wake vilikuwa vijiji 17 hivi. Walikuwa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na walikuwa na shule yao Litowa chini ya Mwalimu Suleman Toroka, ambapo watoto wa vijiji vyote waliishi, wakalima na kusoma pamoja. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi Machi 1967, watu wa Litowa walikuwa wamekwisha kuionja.

Lakini kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi la Umoja ule ni namna walivyofundishana. Kijiji kipya kilipotaka kuanza, hawakukipelekea bwana shamba wa kukaa siku tatu. Waliwatuma wanakijiji wenzao, waliokwisha kuonja njaa ya mwaka wa kwanza, wakae humo. Kundi hilo walilipa jina la kijeshi kidogo, jeshi la mapinduzi ya kijamii na kiuchumi, kwa kifupi SERA, ingawa silaha yao ilikuwa jembe. Walilala walipolala wenyeji na kula walichokula. Msomaji aliyepata kuanzisha shule porini atanielewa: mwaka wa kwanza haukwami kwa sababu watu hawajui kilimo. Hukwama kwa sababu hawajui kugombana bila kuvunja nyumba. Nani kachelewa shambani, nani mkewe kajifungua, nani kauza debe moja kando. Mambo hayo hayamo kitabuni, na anayeweza kuyafundisha ni yule aliyekwisha kuyapitia. Tena mwalimu huyo aliwajibika kwa vijiji vilivyomtuma. Akizembea, kikao cha wawakilishi wa vijiji kilikuwa na uwezo wa kumrudisha kwao alime.

Msaada wa nje ulikuwapo, tusidanganyane. Marafiki wa Uingereza na Uswisi walitoa fedha na wataalamu. Tofauti ni kwamba mtaalamu alifika baada ya kijiji kuomba jambo fulani, akafanya kazi chini ya kijiji.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuuvunja Umoja huo, na kwamba chama peke yake ndicho kitakachosimamia vijiji vya ujamaa. Mali ikachukuliwa, wageni wakaondoka, walimu wa Litowa wakahamishwa huku na huku. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na nakumbuka jinsi watu wazima walivyoacha kulitaja jina la Litowa mbele ya watoto. Wengine wameandika kwamba viongozi wa mkoa waliogopa kijiji kinachojiamulia mambo yake. Nadhani ni kweli. Ila mimi kama mwalimu naona hasara nyingine isiyotajwa sana. Mashine ya kusaga unaweza kununua nyingine. Watu waliojua kufundisha kijiji kwa kukaa nacho, ukishawatawanya, hununui wengine. Serikali ilipohamisha mamilioni ya watu vijijini miaka ya 1970, hapakuwa na watu wa namna hiyo wa kuwatuma. Zilitumwa barua na malori. Na Matetereka, mmoja wa vijiji vya Umoja ule, kiliendelea na kazi zake za pamoja kwa miaka mingi baada ya 1969, hata mtafiti mmoja kutoka Edinburgh akakiandika mwaka 1998 kuwa kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Watu waliofundishana wenyewe hawakuhitaji cheti cha kuendelea.

Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa. Biashara huria ya kahawa ilipoingia, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilishindwa kuhimili, na wakulima wa Umatengo wakabaki na madeni na maswali. Hapo ndipo asasi zilipomiminika. Sera ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilitoka mwaka 2001, sheria ikafuata mwaka 2002, na kila kikundi kikatakiwa kiwe na katiba, akaunti na ripoti. Ni vizuri. Nami baada ya kustaafu nilichaguliwa katibu wa kikundi chetu kidogo cha ufukweni, wauza usipa na wakulima wa mihogo, tunaochangiana kwa ugonjwa na ada za watoto. Nikaanza kuitwa kwenye semina.

Semina nimehudhuria nyingi. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilituita mara nne kwa mada ile ile. Mwezeshaji alitundika bango kitita, akatugawa makundi, tukajaza jedwali la malengo, shughuli na viashiria. Siku ya pili tukatia saini ya posho. Mama mmoja mtunza hazina, ambaye hajapata kupoteza hata shilingi ya kikundi chake, aliambiwa kwamba hana uwezo kwa sababu hakuweza kutofautisha lengo kuu na lengo mahsusi. Nilimtazama, akanitazama. Mwezeshaji yule hakuwa mtu mbaya. Ila ripoti yake ilikwenda kwa mfadhili, nasi tulikuwa idadi ya washiriki katika ripoti hiyo.

Upande wa utafiti nako kuna historia, na hapa Umatengo ni tajiri. Kilimo cha ngolo, kile cha mashimo kwenye miteremko, kimeandikwa na wageni tangu zamani. A. H. Pike alikieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake huchimba udongo katikati na kuzifunika, maharage yakafuata, halafu mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Sifa za ngolo zimefika mbali. Lakini kwa muda mrefu Mmatengo alikuwa mtu wa kuulizwa tu.

Miaka ya 1990 walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro pamoja na wenzao wa Kyoto, Japani, na kuanzia mwaka 1999 hadi 2004 wakafanya kazi kwa mpango maalumu katika vijiji vya Kindimba na Kitanda. Walianza kwa kukaa na kuchunguza. Waliona kwamba Wamatengo huishi kwa kufuata ntambo, yaani mlima uliozungukwa na vijito na ukoo wake, na kwamba zamani kulikuwa na sengu, mlo wa pamoja wa wanaume wa ukoo ambapo mambo yalijadiliwa na vijana wakasikiliza. Kindimba watu walitaka mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Ikajengwa kwa nguvu za wananchi pia, na kamati ya kuiendesha ikapewa jina lile la sengu. Humo wakazaliwa watu wa vikundi vya miti, mabwawa ya samaki na mizinga ya nyuki. Mradi ule haukukosa matatizo yake, na maji ya kiangazi hayamsikilizi profesa. Hata hivyo namwona mtafiti ambaye, kabla ya kufundisha, alimwuliza mwanakijiji ni wapi yeye mwenyewe alifundishwa kuongoza. Swali hilo huku kwetu halikuwa limeulizwa tangu Litowa.

Kikundi chetu cha ufukweni sasa kina utaratibu wake. Mtunza hazina mpya hukaa na yule wa zamani msimu mzima, kuanzia usipa wanapoanza mpaka upepo wa mwera unapozuia mitumbwi, na daftari hubaki kwa wa zamani hadi wanachama waseme sasa tumeona. Mwanafunzi wa chuo kikuu akija na dodoso tunampokea na kumpikia, kwa sharti kwamba aturudishie muhtasari kwa Kiswahili. Wawili wamekwisha kutimiza.

Ibbott naye aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 2014. Mpwa wangu aliniletea nakala kutoka Dar es Salaam. Jumapili baada ya ibada huwasomea wenzangu kurasa mbili au tatu, nikitafsiri kwa mdomo. Tulipofika kwenye habari ya namna walivyokubaliana kugawana kazi na mazao, kikao hakikuendelea, kwani wenye mitumbwi na wasio na mitumbwi walianza kubishana wao kwa wao, na ubishi huo umeingizwa katika ajenda ya mkutano wa mwezi ujao.