Land Rover 109
Land Rover 109 ni gari la Uingereza linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, lililoanza kutengenezwa na kampuni ya Rover, Solihull, mwaka 1956, na utengenezaji wake ukaendelea hadi 1985. Namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, takriban sentimita 277. Bodi ni ya alumini; tairi la akiba mara nyingi hukaa juu ya boneti, na mabenchi ya nyuma hutazamana. Nchini Tanzania lilitumiwa na serikali, misheni na mashamba, likifaa barabara za udongo kama za Handeni na miinuko ya Usambara wilayani Korogwe. Wapenzi wa Land Rover, mpya na kongwe, walikusanyika Arusha Oktoba 2024 kwa tamasha maalumu.