Kupanga menyu za programu ya picha: faida kwa studio za Lubumbashi

Lubumbashi, kuanzia Kamalondo na Kenya mpaka Katuba na Ruashi, kuna studio za picha zinazofanya kazi na kompyuta moja tu. Watu wawili ao watatu wanaipokezana: huyu anatengeneza picha za pasipoti, yule mialiko ya ndoa, mwingine mabango ya maduka. Mteja anangojea, na umeme wa SNEL unaweza kukatika wakati wowote. Hapo, kutafuta amri moja ndani ya menyu ndefu ni kupoteza wakati na feza.

Kupanga menyu ni nini?

Menyu ni orodha ya amri zinazofunguka juu ya skrini. Kuipanga si kubadilisha programu yenyewe. Ni kuficha amri zisizotumika, kutia alama zile za kila siku, na kuzipa vitufe vya njia fupi. Amri iliyofichwa haikufutwa, inaweza kurudishwa.

Kila kazi na menyu yake

Mwenye kutengeneza picha za pasipoti anahitaji amri chache tu: kukata, kubadilisha ukubwa, kuongeza mwangaza, kuchapisha. Mwenye kuunganisha picha anahitaji zingine. Sammy Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alijulikana kwa kazi yake «Mémoire»: alichukua picha za zamani za wakati wa ukoloni na kuziweka juu ya picha za viwanda vya Gécamines vilivyoharibika. Kazi ya namna hiyo inategemea tabaka na kukata mtu pembeni-pembeni kwa uangalifu. Menyu ya mmoja haifai kwa mwingine.

Ndani ya Photoshop

Kwa toleo la Kifaransa, fungua «Édition», kisha «Menus». Kila amri iko na alama ya jicho: ukiibonyeza, amri inafichwa. Unaweza pia kuipa rangi kusudi ionekane haraka. Ukimaliza, enda «Fenêtre», «Espace de travail», «Nouvel espace de travail», andika jina, na utie alama kwenye menyu na vitufe kusudi navyo vihifadhiwe.

Ndani ya GIMP

GIMP ni ya bure. Haina dirisha kama lile la Photoshop la kuficha amri za menyu, lakini «Édition», «Préférences», «Interface» inakuruhusu kuchagua lugha na kupanga sanduku la vyombo, pamoja na kuficha vile usivyotumia. Kama amri haionekani, bonyeza kitufe cha /, kisha andika jina lake.

Tatizo la klavye ya AZERTY

GIMP inatumia alama [ na ] kwa kupunguza na kuongeza ukubwa wa burashi. Kwenye klavye ya AZERTY, alama hizo zinapatikana kwa kushika AltGr, na mkono unachoka. Fungua «Édition», «Raccourcis clavier», tafuta amri hizo, na uzipe vitufe viwili vilivyo karibu na vidole. Angalia kwanza kama vitufe hivyo havina kazi ingine.

Mashini moja, watu wengi

Hapa ndipo ugomvi unaanza. Mkubwa wa studio anaficha amri, mwanafunzi wa kazi anafika kesho yake, anatafuta, hapati, na anafikiri programu imeharibika. Dawa ni rahisi: kila mmoja afunguliwe akaunti yake ya Windows, maana Photoshop na GIMP zinahifadhi mipango ya kila akaunti peke yake. Kama akaunti ni moja, kila mtu ahifadhi mpango wake wa Photoshop kwa jina lake.

Mambo matatu ya kukumbuka:

- Mwanafunzi ajifunze kwanza na menyu kamili. Akizoea menyu iliyokatwa, atapotea siku ya kufanya kazi kwenye studio ingine.
- Nakili dosye ya mipango ya GIMP kwenye clé USB. Mashini ikifa, mpango unarudi kwenye mashini ingine yenye toleo lile lile.
- Mambo yakichanganyikana, programu zote mbili zinaruhusu kurudia mpango wa mwanzo, na picha zilizohifadhiwa haziguswi.