Landrova Fupi Kwenye Nchi ya Karanga

Landrova fupi ni gari la magurudumu manne yanayovuta, ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita mbili na kidogo. Ya kwanza kabisa ilikuwa na inchi 80, yaani mita 2.03. Iliyodumu kiwandani kuliko zote katika matoleo matatu ya mwanzo ilikuwa na inchi 88, sawa na mita 2.24. Ufupi huo ndio asili ya sifa zake na kasoro zake. Gari hugeuka kwenye kijia cha shambani, huingia korongoni na kutoka bila kukwaruza tumbo, na likikimbizwa kwenye barabara yenye matuta madogomadogo hurukaruka kama mbuzi. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kijia na korongo vimekuwa vingi kuliko barabara kwa sehemu kubwa ya miaka ambayo gari hili limekuwepo duniani.

Lilizaliwa kwa uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma nchini Uingereza kiligawiwa kwa kibali, na kampuni ya Rover ya Solihull haikupata cha kutosha kutengenezea magari yake ya kifahari. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na Jeep ya jeshi la Marekani aliyoitumia katika shamba lake kisiwani Anglesey. Akaona kwamba gari la mkulima lingeweza kuitunza kampuni kwa miaka michache hadi mambo yatulie. Inchi 80 zilitoka kwenye Jeep hiyo. Bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, madini ambayo viwanda vya ndege za kivita viliyaacha kwa wingi, na chesi ikaungwa kwa vipande vya bati nene la chuma vilivyochomelewa hadi vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Gari lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,595 na nguvu za farasi wapatao 50. Ile miaka michache iligeuka kuwa 67, kwani ukoo huo haukufungwa hadi Januari 2016.

Wakati Amsterdam wanalitazama gari hilo, Nachingwea ilikuwa inafyekwa. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ilipitisha mwishoni mwa 1946 mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na ya Kati. Kazi ilianza Kongwa, katikati ya Tanganyika, mwaka 1947, lakini zaidi ya nusu ya eneo lote lilikusudiwa kuwa Jimbo la Kusini, na Nachingwea ndiyo ikawa makao yake. Msitu uliangushwa kwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyovuliwa mizinga. Bandari yenye kina ikajengwa Mtwara, na reli ikajengwa kuelekea bara, ikianzia kwanza Mkwaya karibu na Lindi kisha Mtwara kwenyewe. Mpango ulivunjwa Januari 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Sababu ni nyingi: mvua, udongo, na haraka ya watu waliokuwa mbali na shamba. Ile ambayo fundi yeyote angeitaja kwanza ni kwamba mitambo ililetwa kabla ya karakana na kabla ya spea. Huko Kongwa, mwaka wa kwanza haujaisha, trekta nyingi kati ya zilizoletwa zilikuwa zimekwisha kulala.

Reli ilifungwa mwaka 1962, uhuru ukiwa na mwaka mmoja. Mashamba yaliyopewa namba yaligawanywa kwa shughuli nyingine. Shamba namba 17 ndilo lililokuja kuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambako wapiganaji wa Samora Machel waliandaliwa kabla ya kuvuka Mto Ruvuma. Nachingwea ikabaki mji ulioandaliwa kupokea treni na usioona treni tena. Kila kilichoingia au kutoka kilipita barabara za udongo ambazo kuanzia Desemba hadi Aprili zilikuwa ama utelezi ama mto. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1995, ilikuwa mbali zaidi. Hata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatwa na Mto Rufiji, ambao ulivukwa kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mvua zikikaza, spea nayo ilisubiri ng'ambo.

Kwa nchi ya namna hiyo gari bora ni lile linaloweza kufunguliwa pale lilipofia. Nguvu zake na wepesi wake huja baadaye. Landrova haikuwa na nguvu nyingi wala haikuwa nyepesi kuendesha, lakini karibu kila kitu chake kimefungwa kwa boliti: mapaja, milango, paa, hata ukuta unaotenganisha injini na abiria. Paja lililopondwa hufunguliwa kwa spana, likanyooshwa kwa nyundo ya mti na kurudishwa. Lililochanika hupigwa ripiti, maana aluminiamu haikubali mashine ya kawaida ya kuchomelea. Lisilofaa tena huishia kwa wasubu sufuria.

Mtu anayetaka kumiliki gari hili kwanza hutambua ni toleo gani. La kwanza lilirefushwa kufika inchi 86 mwaka 1954, kisha inchi 88 mwaka 1956, na zile inchi mbili ziliongezwa mbele kwa sababu injini ya dizeli iliyokuwa njiani isingeenea. Toleo la pili lilitoka 1958, likifuatiwa na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Injini ya dizeli yenye ujazo huohuo ikaja 1961. Toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hutambulika kwa grili ya plastiki na kwa gia zote nne za mbele kuingia bila kugombana. Kwenye matoleo ya nyuma, anayeshuka kwenda gia ya pili au ya kwanza hulazimika kukanyaga klachi mara mbili, sanaa ambayo madereva wazee waliisoma kwa sikio. Mwaka 1984 akaja mrithi mwenye springi za mviringo, aliyeitwa Ninety, na kuanzia 1990 jina likawa Defender. Toyota nayo ilikuwa na Land Cruiser yake fupi ya mita 2.285, iliyoanza 1960. Hiyo ilikuwa na injini kubwa na difu ngumu kuliko Landrova, na ndiyo familia iliyokuja kuchukua nafasi yake kwenye maegesho ya serikali na miradi. Bodi yake ni ya chuma, ikianza kuoza haina simile.

Landrova nayo huoza, ila mahali pasipoonekana. Macho ya mnunuzi huvutwa na bodi, ilhali gari lenyewe ni chesi. Tope jekundu la Nachingwea huingia ndani ya lile boksi kupitia matundu yake, likakaa na unyevu kiangazi chote, na chuma kikaliwa kutoka ndani kwenda nje. Anayejua hulala chini na kugonga kwa nyundo ndogo kwenye maungio ya springi za nyuma na kwenye mikono inayobeba bodi. Mlio mkavu ni uzima, mlio mzito ni kutu iliyopakwa rangi. Sehemu nyingine ya kutazama ni pale aluminiamu inapogusana na chuma. Madini haya mawili yakikutana na maji hufanya kazi kama betri dhaifu, na aluminiamu hugeuka unga mweupe. Dawa ni kutenganisha kwa rangi au kipande cha mpira.

Matunzo ya kila siku ni oili na grisi. Gia boksi, boksi la pili la gia, difu mbili na yale matufe ya chuma kwenye magurudumu ya mbele, kila kimoja kina oili yake na kifuniko chake. Sili zikichakaa oili huvuja, na mzaha wa mafundi wa dunia nzima kwamba Landrova isiyovuja imeishiwa oili una ukweli wa kutosha. Baada ya kuvuka mto wenye kina, oili ya difu hukaguliwa: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na lazima imwagwe. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne. Zikilowa hazishiki, kwa hiyo dereva hutembea taratibu akikanyaga kidogokidogo mpaka zikauke. Springi ni za vyuma bapa vilivyopangwa, na kimoja kikikatika mhunzi wa kawaida anaweza kukunja kingine.

Kasoro inayojulikana kuliko zote ni hafushafti, fimbo ya chuma inayotoa nguvu kwenye difu na kuipeleka gurudumuni. Kwenye gari fupi fimbo hiyo ni nyembamba, na dereva anayeachia klachi kwa pupa akiwa amekwama huivunja. Hata hivyo gari halilali porini. Fimbo za nyuma huchomolewa kwa kufungua boliti chache, gari likarudi nyumbani likivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Ni magari machache yanayompa dereva njia ya kutokea namna hiyo.

Zana nazo zina historia. Nati za Landrova za zamani ni za vipimo vya inchi, na spana za milimita zinazouzwa madukani leo huzila kona. Umeme pia una mtego. Magari ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunganisha ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha kawaida ya sasa, na fundi anayefunga redio au alternata bila kuuliza hukiunguza alichokifunga.

Marekebisho makubwa hufuata mahitaji. La kwanza ni tairi. Inchi 6.00 kwa 16 za kiwandani hubadilishwa kwa 7.50 zilizokuwa za Landrova ndefu, na gari likainuka juu ya tope. Gharama yake ni usukani mzito na mzigo zaidi kwa ile hafushafti. La pili ni injini. Ya petroli hunywa sana, na tangi la kawaida chini ya kiti hubeba lita 45 tu, kiasi kisichomtosha anayekwenda wilaya jirani ya Liwale na kurudi. Wengi hufunga dizeli za kisasa zaidi za Land Rover au za Kijapani. Kinachohitajika ni bamba la kuunganisha injini na gia boksi, vishikizo vipya kwenye chesi, na rejeta inayolingana na joto. Hapa ndipo fundi mzuri hujulikana, maana injini yenye nguvu maradufu huanza kutafuta kiungo dhaifu kinachofuata, na kwenye gari hili viungo dhaifu vimepangana foleni. Kisha kuna karatasi: kadi ya gari hubeba namba ya injini pamoja na namba ya chesi, kwa hiyo mabadiliko hupelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) yaandikwe, la sivyo gari huwa na maswali siku ya kuuzwa.

Badiliko la hivi karibuni halikufanywa kwenye gari. Katika miaka ya 2020 barabara ya Nanganga hadi Ruangwa, karibu kilomita 53, imekuwa ikiwekwa lami. Landrova za matoleo matatu ya mwanzo hazina difu ya katikati. Magurudumu yote manne yakivuta, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka kwa mwendo mmoja. Kwenye tope tairi huteleza na tofauti ikamalizika yenyewe. Kwenye lami tairi hazitelezi, na propela hujinyonga hadi krosi zake au gia zikavunjika. Kwa hiyo anayetoka shambani na kuifikia lami hurudisha mbele mkono mwekundu wa gia nzito na kuhakikisha kirungu cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele kimeinuka. Kama magurudumu ya mbele yana vifungio vya mkono, husimama pembeni, akashuka na kuvifungua kimoja kimoja kabla ya kuondoka.