Tabitha Chawinga: mshambuliaji wa Rumphi aliyefika Lyon

Tabitha Chawinga ni nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya Malawi na ni mshambuliaji aliyejiunga na klabu ya Lyon ya Ufaransa mwaka 2024. Kabla ya hapo alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya wanawake katika nchi tatu: Sweden, China na Italia. Wachezaji wa Afrika waliofanya hivyo, wake kwa waume, ni wa kutafuta kwa tochi.

Tumeamua kuandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, ni jirani yetu. Ukitoka Mbeya ukapita Tukuyu na Kyela, ukavuka mto Songwe pale Kasumulu, unaingia Karonga, na mbele yake kuelekea Mzuzu ndiko iliko wilaya ya Rumphi alikozaliwa. Pili, safari yake inajibu swali tunaloulizwa na wazazi: binti wa kijijini anafikaje huko, na nini kinaweza kumkwamisha njiani?

Utoto wa Rumphi

Tabitha alizaliwa tarehe 22 Mei 1996. Alianza kucheza mpira akiwa mtoto mdogo, na aliocheza nao walikuwa wavulana, kwani timu ya wasichana haikuwepo. Wazazi wake hawakupenda. Kwao mpira ulikuwa mchezo wa wavulana, na binti alitakiwa nyumbani na shuleni. Hakuacha. Mdogo wake, Temwa, aliyezaliwa 1998, akamfuata uwanjani.

Faida ya kucheza na wavulana ilionekana baadaye. Alizoea kukimbizana na watu wenye nguvu, kupokea mpira akiwa amebanwa, na kupiga bila kusubiri nafasi nzuri. Hata leo silaha zake kubwa ni mbio na maamuzi ya haraka mbele ya goli.

Siku alizotaka kuacha mpira

Akiwa binti mdogo alikwenda Lilongwe kuchezea timu ya wanawake ya DD Sunshine. Alifunga mabao mengi mno, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Wapinzani walisema haiwezekani awe msichana. Tabitha mwenyewe ameeleza hadharani, miaka mingi baadaye, kwamba wachezaji wa timu pinzani walimvua nguo uwanjani mbele za watu ili wajionee. Jambo hilo lilimpata mara mbili. Amesema lilimuumiza kiasi cha kufikiria kuacha mpira.

Tunalitaja kwa sababu maneno ya aina hiyo yanasikika katika viwanja vyetu pia. Binti akiwa na mbio, nywele fupi na mguu mzito, hakosi mtu wa pembeni wa kumwita dume. Ieleweke hivi: hakuna kanuni ya mpira wa miguu inayompa mchezaji, kocha, mwamuzi au shabiki haki ya kumkagua binti mwili wake. Timu yenye shaka hupeleka malalamiko kwa maandishi kwa chama kinachosimamia mashindano. Kumvua mtu nguo ni udhalilishaji, na ni suala la polisi.

Sweden: mabao 39, kisha 43, kisha 26

Mwaka 2014 Tabitha alikwenda Sweden na kuwa mwanamke wa kwanza wa Malawi kucheza soka Ulaya. Hakuanzia juu. Klabu yake ya kwanza, Krokom/Dvärsätts, ilikuwa daraja la tatu, katika eneo la katikati ya nchi lenye baridi kali na theluji. Huko alifunga mabao 39 katika mechi 14.

Mwaka uliofuata alisajiliwa na Kvarnsveden ya mji wa Borlänge, daraja la pili. Kvarnsveden ni mahali palipojulikana kwa kiwanda cha karatasi, kama Mgololo yetu kule Mufindi. Alifunga mabao 43 katika msimu wa 2015, na klabu hiyo ndogo ikapanda ligi kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Mwaka 2017 alifunga mabao 26 na kuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Sweden. Msimu huohuo Kvarnsveden ilishuka daraja. Si kawaida kiatu cha dhahabu kwenda kwa mchezaji wa timu inayoshuka, na hilo linaonyesha mzigo aliokuwa ameubeba peke yake.

Hapa kuna jambo la kujifunza. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine: daraja la tatu, la pili, kisha ligi kuu. Kila alipokuwa alicheza kila wiki. Binti anayekaa benchi katika klabu yenye jina kubwa hapati nafasi ya kuonekana kama yule anayecheza dakika 90 katika klabu ndogo.

China na kazi isiyo na uhakika

Mwaka 2018 alihamia Jiangsu Suning ya China. Akawa mfungaji bora wa ligi, na mwaka 2019 Jiangsu ikatwaa ubingwa. Ligi ya China haionyeshwi sana kwenye televisheni zetu, ndiyo maana wengi hawakumsikia katika miaka hiyo, ingawa alikuwa katika ubora wake.

Mwanzoni mwa 2021 kampuni ya Suning iliyomiliki Jiangsu ilisitisha shughuli za klabu, miezi michache tu baada ya timu ya wanaume kuchukua ubingwa. Tabitha alihamia Wuhan. Wachezaji wanawake wameshazoea misukosuko ya namna hii: mfadhili akijitoa, mkataba unayumba. Ni vizuri binti anayesaini mkataba ajue nani hasa anamlipa, na nini kitatokea klabu ikifungwa.

Italia na Ufaransa

Mwaka 2022 Wuhan ilimpeleka Inter Milan kwa mkopo. Mkopo katika soka maana yake mchezaji anakwenda kuchezea klabu nyingine kwa muda, huku mkataba wake ukibaki na klabu ya awali. Katika msimu wa 2022/23 alifunga mabao 23 na kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza kwa mabao katika Serie A ya wanawake.

Msimu uliofuata alikwenda, tena kwa mkopo, Paris Saint-Germain. Timu hiyo ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na kutwaa Kombe la Ufaransa la 2024. Mwisho wa msimu wachezaji wa ligi ya Ufaransa walimpigia kura na kumchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka. Majira hayo ya joto akasajiliwa na Lyon, klabu iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya ya wanawake mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Mdogo wake Temwa naye alipita njia ileile, Kvarnsveden kisha Wuhan, kabla ya kwenda Kansas City Current ya Marekani. Mwaka 2024 alifunga mabao 20 na kuvunja rekodi ya ligi hiyo kwa msimu mmoja, akachaguliwa pia kuwa mchezaji bora. Dada alifungua njia, mdogo wake akaipita.

Malawi na Tanzania

Sifa za mtu mmoja hazijengi timu ya taifa kwa siku moja. Kwa miaka mingi Malawi haikufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, WAFCON, ingawa ilikuwa na mmoja wa washambuliaji wakali duniani. Twiga Stars walikwisha kufika huko mwaka 2010. Tena tarehe 9 Oktoba 2021, katika fainali ya COSAFA nchini Afrika Kusini, Tanzania iliyokuwa mwalikwa iliifunga Malawi 1-0 kwa bao la Enekia Kasonga.

Malawi walirudi. Mwaka 2023 walitwaa COSAFA kwa mara ya kwanza kwa kuifunga Zambia 2-1, na Oktoba 2025 wakafuzu WAFCON kwa mara ya kwanza. Tanzania nayo ilifuzu fainali hizohizo za 2026, zilizopangwa kuchezwa Morocco.

Kwa mzazi mwenye binti anayecheza

Tanzania ina ligi kuu ya wanawake tangu msimu wa 2016/17, na hapa Iringa tumekuwa na Ceasiaa Queens ndani ya ligi hiyo. Wachezaji wetu pia wametoka nje: Clara Luvanga alifika Al Nassr ya Saudi Arabia, na Opa Clement amecheza Uturuki katika klabu ya Beşiktaş. Mambo haya yafaa kukumbukwa:

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine. Mtu akikuambia atampeleka binti yako wa miaka 15 Ulaya au Uarabuni kucheza mpira, shtuka.

Uhamisho halali huhitaji hati ya uhamisho wa kimataifa inayotolewa na shirikisho la nchi anakotoka mchezaji. Kwetu ni TFF. Kabla ya kumkabidhi mtu pasipoti ya mwanao au kutoa hata shilingi, uliza TFF au chama cha soka cha mkoa kama klabu imeomba kweli.

Wakala wa wachezaji anatakiwa awe na leseni ya FIFA. Mwombe aionyeshe, na mkataba usomwe na mtu anayeielewa lugha uliyoandikwa kabla ya kutiwa saini.

Na kabla ya hayo yote, binti anahitaji mechi. Kijiji kisipokuwa na timu ya wasichana, acheze na wavulana, mradi awepo mtu mzima wa kumlinda na maneno na mikono ya watu. Tabitha hakuwa na mtu huyo siku mbili zile za Lilongwe, na ilibaki kidogo Malawi impoteze.