CRP: Marekani inavyomlipa mkulima asilime

Kulipwa ili usilime? Marekani jambo hilo lipo tangu 1985, kupitia Conservation Reserve Program, kwa kifupi CRP. Mkulima anapumzisha shamba linalomomonyoka kirahisi, anapanda nyasi au miti, na serikali inamlipa kodi ya shamba kila mwaka, kama mpangaji vile. Gharama za kupanda nazo inachangia, hadi nusu.

Mkataba ni miaka 10 hadi 15, na hapo ndipo penye mtego. Bei ya mahindi ikipanda ukaamua kulima katikati ya mkataba, unarudisha kodi yote uliyopokea, pamoja na riba. Hebu fikiria uko mwaka wa tisa! Ukame ukizidi, unaweza kuruhusiwa kuchunga mifugo humo au kukata majani.